Usitupe tochi ya zamani kabla ya kuifungua

Ile tochi ya bati ya mawe makubwa inaweza kufufuka kwa kubadilisha globu tu, ukaweka ya LED. Fungua kichwa, toa globu, usome volti zilizoandikwa kwenye shingo yake. Mawe mawili ni volti 3, matatu ni 4.5, globu ya LED lazima ikubali volti hizo. Ukiiweka isiwake, geuza mawe kwanza, maana globu nyingine za LED huchagua chanya na hasi. Mimi nusura nitupe nzima.

Chungulia pia springi ya chini. Ikiwa na unga mweupe wa betri iliyovuja, pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, ikauke. Ikiwa imeliwa hadi kukatika, achana nayo.

Faida ni muda: LED hula umeme kidogo, mawe yanadumu mno. Lakini usitegemee mwanga wa mbali. Kikombe cha ndani kinachoakisi mwanga kilitengenezewa waya wa globu ya zamani, kwa hiyo mara nyingi utaona doa jeusi katikati. Anayetaka kumulika mbali anunue ndogo mpya ya kuchaji. Yangu ya bati inakaa jikoni, ya umeme ukikatika.