Kuielezea zana ili wakala wa akili mnemba aitumie sawasawa

Wakala ni programu ya akili mnemba inayofanya kazi kwa kuita zana, yaani vipande vya msimbo ulivyomwandalia, lakini haoni msimbo wenyewe. Husoma jina la zana, maelezo yake na vigezo (taarifa anazopaswa kuijazia) tu. Jina "tafuta" halimsaidii, "tafuta_muamala_kwa_simu" linamtosha. Kwenye maelezo taja zana inarudisha nini na, hasa, isitumike lini. Zana mbili zinazofanana bila mpaka huo, atachagua ovyo.

Kigezo cha simu kiandike hivi: "tarakimu 12, zianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala nafasi". Ukiandika "namba ya simu" basi, huenda akatuma inayoanza na 07, majibu yatarudi matupu, naye atamwambia mteja muamala haupo. Hilo ni baya kuliko zana kugoma kabisa.

Ujumbe wa kosa nao useme kipi kirekebishwe. Akiona "kosa 400" tu, yaani ombi lina kasoro bila kutajwa ipi, mara nyingi hurudia ombi lilelile.