"Sista, mgonjwa wetu ana nini?" na mitego mingine ya wodini

Manesi wanaoanza kazi wananiulizaga maswali makubwa makubwa, sijui mgonjwa akizimiwa mashine ya kupumulia ni sawa au sio sawa, jamani wodi zetu ngapi zina hizo mashine? Kinachokuumbua ni saa kumi jioni, ndugu wamejaa na mahotpoti, baba mmoja anakuvuta pembeni ananong'ona "sista, huyu mdogo wangu ana nini hasa?" na faili unalo mkononi.

Usimwambie, ila pia usimwambie "siwezi kusema" kwa ile sura ya kuficha, maana huku kwetu ukishasema hivyo tu ushasema, watu wanajua ni ugonjwa gani huwa unafichwa. Kuwa na jibu moja kwa wagonjwa wote, awe na malaria awe na virusi: "Ngoja nimuulize mwenyewe kama anataka nikueleze." Kisha kweli kamuulize, mkiwa wawili tu, nani ajue na ajue kiasi gani, halafu andika kwenye faili ili mwenzio wa naiti asije akaropoka. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, kuna wachache wametajwa wanaoweza kuambiwa, na kaka wa mtu mzima mwenye akili zake timamu hayumo hata kama ndo analipa bili. Mke au mume ni habari nyingine, hilo usiliamulie koridoni peke yako, lipeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Na siri haitoki kwa mdomo tu. Kadi ya CTC (kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI) imeachwa juu ya kabati, au mnakabidhiana ripoti kitanda kwa kitanda kwa sauti ya mnadani wakati jirani kafumba macho tu wala hajalala.

Picha za wodini kwenye grupu la WhatsApp sijui hata niseme nini, futa.

Sasa lile linalokosesha usingizi, umekosea dawa. Mimi niliwahi kumchoma mgonjwa ceftriaxone, antibayotiki, ya kitanda cha jirani, majina yalifanana, sikumuuliza jina lake nikaita mimi jina na yeye akaitikia tu (mgonjwa ukimwita jina lolote anaitikia, muulize "unaitwa nani" unyamaze mpaka ajibu mwenyewe). Dakika mbili za mwanzo kichwa kinakutetea: mbona anapumua vizuri, hakuna aliyeona. Usikisikilize. Kama dawa bado inaingia simamisha, pima presha, mapigo, upumuaji, angalia ngozi, uliza kama ana aleji, mwite daktari hapo hapo, mwambie inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Ukiandika, andika ulichompa kweli, kiasi na saa, na kama kuna neno umekosea kwenye faili lipige mstari mmoja lisomeke, weka sahihi yako, usifute wala usichane karatasi. Mgonjwa naye aambiwe. Nilikaripiwa mbele ya wenzangu na niliona aibu wiki nzima, ila ningenyamaza halafu usiku aleji ikambana, daktari angetafuta sababu asiione popote, maana kwenye faili hakuna hiyo dawa. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hatarini zaidi kwa kuficha kuliko kwa kukosea, hivyo ndo ninavyoona mimi.

Mgonjwa akikataa sindano usimshike mikono. Kaa, uliza anaogopa nini, mara nyingi kuna kitu kasikia kwa jirani, mweleze, akikataa bado andika na mjulishe daktari. Na mama mzima anayekwenda operesheni akiwa na fahamu zake anasaini mwenyewe, usimsubirishe eti mume yuko safarini.

Hela je? Kabla ya huduma ni rushwa, hata iitwe ya maji, na TAKUKURU hawataangalia ni buku mbili au laki. Baada ya kuruhusiwa, mama kaleta kreti ya soda, ipeleke mezani kwa wote, inchaji ajue. Akikushikisha bahasha, mrudishie pale pale mbele ya mwenzio, mwambie akanunulie mtoto maziwa.