Jinsi ya kukadiria umbali na muda wa safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Songwe

Anza na umbali wa angani, kwa sababu kilomita za barabarani hazimhusu rubani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, jiji linalohudumiwa na uwanja wa Songwe, inapita Morogoro na Iringa na kuzidi kilomita 800, ilhali ndege hukata moja kwa moja kuelekea magharibi na kusini kidogo.

Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko takriban digrii 6.87 kusini na 39.20 mashariki, Songwe uko 8.92 kusini na 33.27 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 2.05 na ya longitudo ni 5.93. Zidisha kila moja kwa 111, ambazo ndizo kilomita za digrii moja, upate 228 na 658. Kisha tumia kanuni ya Pythagoras uliyofundishwa shuleni: jumlisha vipeo vya pili vya namba hizo, utafute kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni karibu kilomita 695, nalo linazidi kipimo halisi kwa kilomita chache tu. Njia hii inatufaa kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, digrii moja ya longitudo hupungua hadi nusu, na hesabu hiyo ingekupotosha vibaya.

Sasa gawanya umbali kwa mwendo wa ndege. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 husafiri kwa takriban kilomita 650 kwa saa, hivyo utapata saa moja na dakika chache. Usiishie hapo. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya pili, kwa hiyo ongeza kama dakika 25 za kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua. Hiyo ndiyo saa moja na nusu unayopaswa kuitegemea.

Soma saa ya tiketi kwa makini mno. 13:00 ni saa saba mchana, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ya 00:30 Jumanne, kwa safari yoyote ile, inakutaka uwe uwanjani usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na nadhani hili linastahili kurudiwa kwa kila msafiri mgeni.

Sehemu inayokula muda zaidi iko ardhini. Anayetoka Tegeta au Mbagala asubuhi ya siku ya kazi ajipe saa mbili za barabarani, kwa maana daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza foleni ya makutano yale lakini halikuiondoa katika njia nzima, na mvua za masika huongeza ugumu. Ongeza saa mbili za kufika mapema uwanjani. Ukishatua Songwe, kumbuka kwamba uwanja uko nje ya jiji, upande wa Mbalizi, hivyo tenga saa moja ya kusubiri mizigo na kufika Mbeya mjini. Kwa mkazi wa Tegeta, basi, saa moja na nusu ya tiketi inakuwa saa sita na nusu kutoka mlangoni hadi mlangoni, na miadi ya Mbeya ipangwe kwa hesabu hiyo.