Jinsi ya kuchagua mchepuo ndani ya shahada ya teknolojia ya habari

Wanafunzi wengi huchagua mchepuo kwa jina. "Usalama wa mitandao" linavutia, "sayansi ya data" ni la kisasa, basi fomu inajazwa jioni ya siku ya mwisho. Lakini jina halisemi lolote kuhusu mambo mawili yatakayoamua miaka yako iliyobaki chuoni: kazi utakayokuwa ukiifanya saa baada ya saa, na mnyororo wa masomo tangulizi utakaokubana. Mwongozo huu unahusu hayo mawili. Tenga wiki sita hivi, uwe na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 na prospektasi ya chuo chako, na uanze muhula mzima kabla ya tarehe ya kujaza fomu.

Hatua ya 1: Chora mnyororo kuanzia mwisho

Chukua karatasi kubwa, moja kwa kila mchepuo. Andika somo la mwisho kabisa, kwa kawaida mradi wa mwaka wa mwisho, kisha rudi nyuma: somo hili linadai nini kabla yake, na hilo nalo linadai nini. Chora mishale. Pembeni mwa kila somo andika linafundishwa muhula upi.

Sasa hesabu. Tuseme takwimu ya kwanza inafundishwa muhula wa kwanza wa mwaka, takwimu ya pili muhula wa pili, ujifunzaji wa mashine (kufundisha kompyuta kutokana na data) muhula wa kwanza, na mradi muhula wa pili. Hapo una mnyororo wa mihula minne. Katika shahada ya mihula minane, anayeamua mwishoni mwa muhula wa nne amebakiwa na minne kamili. Akifeli somo moja tu, na somo hilo hufundishwa mara moja kwa mwaka, anachelewa kuhitimu mwaka mzima. Katika shahada ya mihula sita, uamuzi uleule unapaswa kuwa umefanyika kabla muhula wa pili haujaisha.

Kosa la kawaida hapa ni kuiamini prospektasi peke yake. Somo la hiari linaweza kuwa limeandikwa humo kwa miaka bila kufundishwa, kwa sababu waliojiandikisha ni wachache au mwalimu wake ameondoka. Tafuta ratiba za miaka miwili iliyopita uweke alama kwenye masomo yaliyofundishwa kweli. Mchepuo wenye masomo kumi kwenye karatasi na matano kwenye ratiba ni mchepuo wa masomo matano.

Hatua ya 2: Fanya kazi yenyewe, saa nane kwa kila mchepuo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Michepuo minne kwa saa nane kila mmoja ni saa 32. Kwa saa nane kwa wiki, ni mwezi mmoja.

Mitandao. Pakua Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta. Weka rauta tatu kwa mstari, kila moja na swichi yake, na kila swichi na kompyuta mbili. Chukua mtandao 192.168.10.0/24 uugawe katika subneti (vipande vya mtandao) nne za /26: zinaanzia .0, .64, .128 na .192, kila moja ikiwa na anwani 62 za kutumika. Tatu zipe swichi zako. Ya nne igawe tena kwa /30 kwa ajili ya viungo viwili kati ya rauta. Kazi imekamilika pale kila kompyuta inapoweza kufanya ping (kutuma ujumbe wa majaribio na kupata jibu) kwa nyingine zote. Utakwama, na mara nyingi sababu ni moja kati ya nne: milango ya rauta haijawashwa, kwa kuwa kwenye rauta za Cisco huja ikiwa imezimwa, maski (namba inayoonyesha ukubwa wa subneti) imeandikwa 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.192, kompyuta haina anwani ya lango (rauta inayopitisha ujumbe nje ya subneti), au njia imeelekezwa upande mmoja tu, hivyo ujumbe unafika lakini jibu halijui pa kurudi. Ukishamaliza, mwombe mwenzako aharibu kitu kimoja bila kukuambia, kisha kitafute.

Uundaji wa programu. Kwa lugha ya Python na hifadhidata ndogo ya SQLite, andika programu ndogo ya kuazimisha vitabu yenye kazi nne: kuongeza kitabu, kuazimisha, kupokea kilichorudishwa, na kuorodhesha vilivyochelewa. Tumia Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu, tangu mstari wa kwanza. Hapo umetumia saa tano hivi. Iache siku tatu, kisha urudi na sharti jipya: kitabu kimoja kinaweza kuwa na nakala nyingi. Kama ulifanya wanavyofanya wengi, kichwa cha kitabu na nakala yake viko kwenye jedwali moja, na sasa lazima uvitenganishe, uhamishe data iliyokuwemo na urekebishe kazi zote nne. Saa tatu hizi za mwisho ndizo zinazofanana na ajira. Kuandika programu mpya humpendeza karibu kila mtu; kubomoa na kujenga upya ulichokwisha kukimaliza ndiko kunakochuja watu.

Data. Tafuta jedwali la wazi lenye safu mlalo zisizopungua 10,000, na la pili linalohusiana nalo. Andika maswali matatu kabla ya kulifungua. Safisha tarehe zilizoandikwa kwa mitindo tofauti, nafasi zilizo wazi na rekodi zilizojirudia, kisha jibu maswali na uchore chati mbili. Angalia mitego miwili. Ukiunganisha majedwali mawili kwa ufunguo unaojirudia pande zote mbili, safu mlalo huzaliana na jumla zako huvimba bila ujumbe wowote wa kosa. Na ukijaza nafasi wazi kwa sifuri, wastani hushuka. Hesabu safu mlalo kabla na baada ya kila muunganiko. Utagundua kwamba usafishaji umekula sehemu kubwa ya saa zako, na hata kazini mambo ndivyo yalivyo.

Usalama. Fungua mchezo wa mafunzo wa Bandit wa OverTheWire, unaoingiwa kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kupitia mlango namba 2220, ufike ngazi ya 10. Tumia saa tano. Tatu zilizobaki soma faili la /var/log/auth.log, linaloandika majaribio ya kuingia, kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) ya Ubuntu baada ya kukosea nywila kwa makusudi mara kadhaa, kisha andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa msomaji asiye mtaalamu: nini kilitokea, saa ngapi, kutoka anwani ipi, nini kifanyike. Usijaribu lolote kwenye mfumo usio wako. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai hata kama hukuharibu kitu. Ikiwa mchezo ulikufurahisha na ripoti ikakuchosha kabisa, lipe jambo hilo uzito, kwa sababu usalama wa kila siku una logi (faili za kumbukumbu za matukio) na ripoti nyingi kuliko uvamizi.

Chuo chako kikiwa na mchepuo wa usimamizi wa mifumo, jaribio lake ni fupi: mashine pepe yenye kumbukumbu ya GB 2 na diski ya GB 20, seva ya wavuti ya nginx, nakala rudufu inayojiendesha kila usiku. Kisha futa kila kitu na ukirudishe kutoka kwenye nakala. Wengi hugundua hapo kwamba nakala yao ilikuwa faili tupu.

Hatua ya 3: Pima ulipokwama

Kila saa ikiisha, andika mistari miwili: ulikwama wapi, na ulifanya nini baada ya kukwama. Usijipe alama kwa furaha ya kufaulu, maana kila mtu hufurahia kitu kinapofanya kazi. Tafuta mchepuo ambao ulipokwama uliendelea kuchimba, ukasoma nyaraka, ukajaribu njia ya tatu. Ukiona katika daftari lako "nilifunga kompyuta" mara nne kwenye mchepuo mmoja, hata kama ndio ulioupenda kwa jina, uweke chini. Baki na miwili.

Hatua ya 4: Hesabu matangazo ya kazi

Kwa kila mmoja wa michepuo miwili iliyobaki kusanya matangazo 30 yanayotaka uzoefu wa miaka isiyozidi miwili. Matangazo ya wakongwe yatakupotosha. Tengeneza jedwali: tangazo kwenye safu mlalo, ujuzi kwenye safu wima. Ujuzi unaotajwa na matangazo kumi au zaidi uhesabu kuwa wa lazima, kisha tafuta ni somo gani kwenye karatasi yako ya Hatua ya 1 linaufundisha. Usiofundishwa popote utajifunza mwenyewe, na una haki ya kulijua hilo sasa.

Ukishindwa kufikisha matangazo 30 ya usalama kwa wanaoanza, usishangae. Nafasi nyingi za usalama hutaka mtu aliyekwisha kufanya kazi ya mitandao au mifumo. Haimaanishi uache mchepuo huo. Inamaanisha masomo ya mitandao na mifumo endeshi si ya kupita nayo kwa alama za chini.

Kuhusu vyeti vya nje: CCNA (cha mitandao, cha Cisco) na Security+ (cha usalama, cha CompTIA) hudumu miaka mitatu. Ukifanya mtihani mwaka wa kwanza, cheti kinakaribia kuisha au kimeisha unapoanza kutafuta kazi. Subiri mwaka wa mwisho.

Hatua ya 5: Waulize walio mwaka wa mwisho

Usiwaulize kama mchepuo ni mzuri. Waombe maswali ya kazi walizopewa nyumbani muhula uliopita, na uwaulize ni somo gani lililokula saa nyingi zaidi. Karatasi hizo zitakuambia mengi kuliko maoni.

Hatua ya 6: Panga muhula wa kwanza unaokubalika pande zote mbili

Hifadhidata, mifumo endeshi na mitandao ya msingi huhesabiwa na michepuo mingi. Yasome hayo kwanza, ili ukibadili mawazo baada ya muhula mmoja usipoteze krediti. Wengine hujaribu kuchukua michepuo miwili kamili. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayoponyoka huwa mradi wa mwisho, ambao ndio mwajiri anaoomba kuuona. Mchepuo mmoja na masomo matatu ya hiari kutoka wa pili yanatosha.

Hatua ya 7: Kabla na baada ya fomu

Muulize msajili maswali matatu, na majibu uyapate kwa maandishi: tarehe ya mwisho ya kubadili mchepuo ni ipi, masomo niliyokwisha kufaulu yatahesabiwa kama ya hiari nikibadili, na mchepuo utaandikwa kwenye cheti au kwenye taarifa ya matokeo tu.

Fomu ikipitishwa, ingia kwenye mfumo wa usajili uhakikishe mchepuo mpya unaonekana pamoja na mwaka sahihi wa mtaala. Kama bado hauonekani, fuatilia ofisini kabla ya kusajili masomo ya mchepuo huo, kwa sababu mfumo unaweza kuyahesabu kuwa ya ziada, na kuyahamisha baadaye huhitaji barua na saini ambazo hazipatikani kwa haraka wiki ya mitihani.