SOMO: Kuchomelea bati la alumini kwenye bodi ya gari

Habarini wakuu. Niko gereji Unga Limited hapa Arusha, kazi zetu nyingi ni magari ya kupeleka wageni mbugani, na gari likishapakia friji, tenki la ziada na watu saba kila kilo unaisikia kwenye springi. Alumini uzito wake ni kama theluthi ya chuma, Land Rover wanaitumia kwenye bodi tangu 1948.

Unene kwanza: alumini inapinda kirahisi, kama ulizoea chuma cha milimita 1 weka 1.5. Chukua alumini aina ya namba 5052, inakunjika bila kupasuka.

Pili usafi, na hapa ndo mafundi wengi wanakwama. Alumini ina kingozi juu hukioni kwa macho, chenyewe kinayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 wakati alumini inayeyuka kwenye 660, sasa usipokitoa chini panakuwa uji juu bado pagumu. Futa mafuta kwa asetoni, acha pakauke, halafu ndo upige brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, ukianza na brashi unayasugulia mafuta ndani.

Mashine ni TIG (inachomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) ya AC, yaani umeme unaogeuka-geuka, gesi argoni tupu, fila (waya wa kujazia) namba 5356. Usisubiri wekundu!! Bati langu la kwanza nilisubiri liwe jekundu kama chuma, likadondoka katikati nikabaki na tundu la kupitisha ngumi. Angalia kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kikianza kung'aa kama kioo, tia fila, sogea. Piga spoti (vidoti vya kushikiza) kwanza huku na huku, ukienda moja kwa moja bati linajikunja.

MASWALI

– Kaka mi niko Moshi, nina TIG ya DC tu (umeme wa upande mmoja), itafaa?
Hapana mdogo wangu, AC ndo inabandua kile kingozi. Kama una MIG (mashine inayosukuma waya yenyewe) funga waya wa alumini na argoni tupu.

– Kuunga na chasisi ya chuma je?
Hazichomelewani hizo. Tumia ribiti na uweke mpira katikati, zikigusana pakaingia maji alumini inaliwa, utaona unga mweupe.

– Mkuu na nguzo za rufu niweke alumini?
Hizo acha chuma, nakuomba. Gari likipinduka nguzo ndo zinabeba watu, na alumini pale ulipochomelea inapoteza nguvu kwa lile joto. Sisi tunabadilisha mabati ya ubavuni, boneti na rufu tu.