Kunasa msururu wa miito kwa rejista za LBR: somo la perf kwenye Linux

Ukipima programu iliyokompailiwa kwa `-O2` (kiwango cha uboreshaji), mara nyingi `perf record -g` ya perf, chombo cha Linux cha kupima programu, inakuletea miito iliyokatika: fanksheni inayokula prosesa unaiona, iliyoiita huioni. `-g` hutegemea kielekezi cha fremu (rejista inayoonyesha ilipo fremu ya fanksheni kwenye staki, yaani kumbukumbu ya miito inayoendelea), na kompaila ya GCC ikiboresha msimbo hukiacha ili rejista yake ifanye kazi nyingine. Ukiweza kukompaili upya, weka `-fno-omit-frame-pointer`, kazi imekwisha. Usipoweza, au maktaba unazotumia zimekuja hivyo hivyo, iache prosesa ikutunzie miito.

Prosesa za Intel zina rejista za LBR (Last Branch Record), zinazoandika miruko ya karibuni: ilikotoka na ilikokwenda. Kuanzia Haswell (2013) zina pia hali ya staki: `call` huongeza ingizo, `ret` huliondoa. Kinachobaki wakati wowote ni miito ambayo haijarudi, na ndicho tunachokitaka. Haswell ina nafasi 16; Skylake (2015) ina 32.

1. Kagua mashine.

`cat /sys/devices/cpu/caps/branches`

Kwenye prosesa zenye kori za aina mbili, badilisha `cpu` iwe `cpu_core`. Ukipata 16 au 32, rejista zipo. Hali ya staki utaithibitisha hatua ya 3 (isipokuwepo, `perf` itakataa), kwa sababu namba hii haisemi lolote kuihusu.

2. Kagua ruhusa.

`sysctl kernel.perf_event_paranoid`

Ikiwa 2, mtumiaji wa kawaida anapima upande wa programu tu, na hapa hilo linatosha. Baadhi ya mifumo huja na 3 au 4. Hapo shusha hadi 2 au tumia `sudo`.

3. Rekodi.

`perf record -F 999 -e cycles:u --call-graph lbr -p PID -- sleep 20`

Tumeweka 999 badala ya 1000 ili sampuli zisiende sambamba na saa ya kazi inayojirudia kila milisekunde. Lenga mchakato mmoja kwa `-p` (PID ni namba yake). Ukipima mfumo mzima kwa `-a`, keneli (kiini cha Linux) za zamani hazihifadhi rejista hizi prosesa inapohama mchakato, na miito ya programu mbili inaweza kuchanganyika ndani ya msururu mmoja.

4. Soma.

`perf report --no-children -g caller`

Ukiona anwani tupu badala ya majina, faili imenyofolewa majina ya fanksheni. LBR haihitaji maelezo ya DWARF (data ya utatuzi inayoandikwa na kompaila) ili kufuata miito, lakini majina bado yanatoka kwenye faili.

Kwa nini tusitumie `--call-graph dwarf` moja kwa moja? Angalia uzito. Kwa kawaida hunakili baiti 8192 za staki kwa kila sampuli. Kwa sampuli 999 kwa sekunde ni kama megabaiti 8 kila sekunde kwa kila kori yenye kazi. Ingizo la LBR ni baiti 24, hivyo nafasi zote 32 ni baiti 768. Kwenye seva inayohudumia watu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaruhusiwa kupima au la.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, `main` haionekani kabisa, miito inaanzia katikati.

Jibu: Nafasi zimejaa. Mwito wa 33 ukiingia, ule wa zamani kuliko yote unafutwa, kwa hiyo kinachopotea ni mzizi, si ncha. Fanksheni inayojiita yenyewe hujaza nafasi upesi sana. Kuanzia Linux 5.8 jaribu `perf report --stitch-lbr`: huunganisha sampuli zinazofuatana pale zinapolingana. Ni makisio, na huweza kuunganisha vibaya. Msururu unaotaka kuufanyia uamuzi uhakikishe kwa `dwarf`.

Swali: Nina AMD Zen 4, hatua ya 1 inanipa 16 lakini `perf` inakataa.

Jibu: LBR ya Zen 4 huandika miruko lakini haina hali ya staki. Tumia kielekezi cha fremu au `dwarf`.

Swali: Na ndani ya mashine pepe?

Jibu: Mara nyingi mwenyeji (mashine halisi) haipitishi LBR kwa mgeni (mashine pepe), na amri itakataa hata kama prosesa chini yake ni mpya. Omba iwashwe, au pima kwenye mwenyeji.

Swali: Programu yangu inatumia korutini (fanksheni zinazosimama katikati na kuendelea baadaye). Naona fanksheni zinazoitana ambazo kwenye msimbo hazina uhusiano wowote.

Jibu: Hali ya staki inaamini kwamba kila `call` ina `ret` yake. Korutini ikibadilisha staki, au `longjmp` ikiruka fremu kadhaa, hesabu hiyo inavurugika na maingizo ya zamani yanabaki humo kana kwamba bado yako hai. `--stitch-lbr` haitakusaidia hapa, itaongeza makosa. Kompaili kwa kielekezi cha fremu.

Swali: Miito ya ndani ya keneli je?

Jibu: LBR hushughulikia upande wa programu pekee. Ukiondoa `:u` na kuwa na ruhusa, `perf` hufuata upande wa keneli kwa njia yake ya kawaida, kisha huunganisha pande zote mbili kwenye sampuli ileile.