Siku ya kuendesha gari la michezo Kyalami: mwongozo kwa dereva anayetoka Dodoma

Mimi ni mkufunzi wa udereva hapa Dodoma, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha madereva wa magari ya ofisi namna ya kwenda Morogoro, Singida na Iringa na kurudi salama. Nimehudhuria mara mbili mafunzo ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio yanayoandaliwa na mtengenezaji wa magari ya michezo, mara zote mbili Kyalami, Afrika Kusini, na tangu niliporudi mara ya kwanza nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na madereva wenzangu. Naandika hapa hatua nilizozifuata pamoja na zile nilizozikosa, ili anayekusudia kwenda asilipe fedha nyingi kujifunza huko jambo ambalo angeweza kulizoea akiwa nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulielewa visivyo. Siku hiyo si mashindano. Katika mafunzo niliyohudhuria hakukuwa na mshindi wala aliyepimiwa muda, na aliyejaribu kumkaribia mno mwenzake aliitwa pembeni. Kinachofundishwa hasa ni kushika breki na kutumia macho. Kasi huja yenyewe baada ya hayo mawili kukaa sawa, na dereva anayekwenda kule akiitafuta kasi kwanza hurudi na picha tu.

Hatua ya 1: Chagua uwanja na ngazi

Watengenezaji wakubwa wana mafunzo ya namna hii. Porsche ana vituo vyake Leipzig na Hockenheim huko Ujerumani na Silverstone huko Uingereza, na Ferrari ana mafunzo yake yanayoitwa Corso Pilota. Kwa mtu anayetoka Tanzania, hata hivyo, mimi napendekeza Kyalami bila kusita. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini, magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na usukani uko kulia, kwa hiyo mikono yako haitakuwa na jambo la kujifunza upya wakati akili ina kazi nyingine.

Uwanja wenyewe uko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria. Ulifunguliwa mwaka 1961, ukawa mwenyeji wa mashindano ya Formula 1 kwa miaka mingi hadi 1993, kisha ukanunuliwa na Toby Venter kwenye mnada wa mwaka 2014 na kujengwa upya. Mzunguko wake sasa una urefu wa kilomita 4.522. Jina lake linatokana na maneno ya Kizulu yenye maana ya nyumbani kwangu, na msomaji wa Kiswahili atasikia humo neno letu kaya bila kufasiriwa.

Chagua ngazi ya kwanza, hata kama umeendesha miaka ishirini. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama gari ni lao au ni lako, kama mtakuwa wawili katika gari moja mkipokezana, na, muhimu kuliko yote, utadaiwa kiasi gani ukiliharibu gari. Bima kubwa unayokata kwa ajili ya barabarani kwa kawaida haigusi uwanja wa mbio. Mwandalizi huwa na bima yake, lakini bima hiyo huacha kiasi ambacho dereva hubeba mwenyewe, na kiasi hicho katika gari la michezo kinaweza kuwa bei ya Toyota iliyotumika. Kama huwezi kukilipa bila kuiumiza familia, subiri.

Hatua ya 2: Nyaraka

Leseni yenye daraja B iliyo hai, pasipoti, kadi ya chanjo, na nakala ya hayo yote kwenye simu. Soma tamko la kukubali hatari kabla hujasafiri, kwa sababu asubuhi ya tukio utapewa kalamu na foleni itakuwa nyuma yako.

Hatua ya 3: Mazoezi ya mwezi mmoja ukiwa nyumbani

Tanzania haikuanza jana katika magari ya mashindano. Bert Shankland, dereva kutoka hapa kwetu, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, katika barabara ambazo leo zingemtoa jasho mwenye gari la juu. Lakini ule ni ustadi wa vumbi na matope. Lami ya uwanja wa mbio inadai mikono iliyotulia, na sisi tuliozoea makorongo na matuta huwa na mikono yenye haraka. Mwezi mzima kabla ya kwenda, fanya kazi ya kuituliza.

Anza na kiti. Kaa mgongo na mabega yakiwa yamegusa kiti, kisha nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kinapaswa kukaa juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Kanyaga breki hadi mwisho gari likiwa limesimama. Goti libaki limekunjika kidogo. Shika usukani pande mbili, kushoto na kulia, kama mikono ya saa inapoonyesha saa tatu na robo. Madereva wengi ninaowafundisha hulaza kiti kana kwamba wako sebuleni, na wakikaa hivi kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba wamebanwa. Waache wiki moja, hawatarudi nyuma.

Zoezi la pili ni la macho, na unaweza kulifanya kila siku ukiwa katika kasi halali. Ukikaribia kona, tazama mahali unapotaka gari litokee, si boneti wala ukingo wa barabara. Mikono hufuata macho. Mimi nilikuwa nikilifanya katika mzunguko wa magari kila asubuhi nikienda kazini: kabla sijaingia, jicho langu lilikuwa limeshafika kwenye barabara ya kutokea.

Usifanye mazoezi ya kasi barabarani. Barabara ya Singida alfajiri huonekana tupu, lakini ina ng'ombe, baiskeli za mkaa na watoto wanaokwenda shule, na hakuna fundisho la uwanja linalostahili maisha ya hata mmoja wao.

Hatua ya 4: Safari

Fika siku moja kabla. Mimi nilipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha ndege hadi Johannesburg, nikalala karibu na uwanja. Mara ya kwanza nilifika usiku wa manane na nikawa kwenye gari saa mbili asubuhi. Sehemu ya kwanza ya mafunzo siikumbuki vizuri hadi leo. Vaa viatu vilivyofunika mguu, vyenye soli nyembamba, ili unyayo uisikie breki. Usiku huo usiguse pombe kabisa.

Hatua ya 5: Asubuhi darasani

Utapewa maelezo ya karibu saa nzima. Keti mbele. Jifunze bendera kama unavyojifunza jina la mtu: ya njano ni hatari mbele na hakuna kumpita mwenzako, nyekundu ni kwamba zamu imesimamishwa, punguza kasi na urudi taratibu, ya buluu ni kwamba nyuma yako kuna gari lenye kasi zaidi, nyeusi ikielekezwa kwako, unaitwa kurudi, ya mirabaraba nyeusi na nyeupe ni mwisho wa zamu.

Kisha utaonyeshwa redio koli ndani ya gari. Mwalimu huongoza akiwa mbele, nanyi mnamfuata kwa mstari, na sauti yake itakuwa sikioni mwako mchana kutwa. Akisema jambo, litende kwanza. Swali liulize mkisimama.

Hatua ya 6: Breki

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo nilipoikosea siku yangu ya kwanza.

Wanaweka koni kwenye lami na kukuambia uje kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, na ukifika kwenye koni ukanyage breki kwa nguvu zako zote. Sisi tuliofunzwa kuhurumia gari na abiria hukanyaga kwa adabu. Mimi nilikanyaga kwa adabu, nikasimama mbali sana na pale alipoonyesha mwalimu. Mara ya pili nilikanyaga kwa nguvu, pedali ikaanza kutetemeka chini ya unyayo kama inayogongwa kwa nyundo ndogo, nami nikaachia mguu nikidhani nimeharibu kitu. Mwalimu alinieleza kwa utulivu kwamba mtetemo ule ni mfumo wa ABS ukiizuia tairi isifunge, na kwamba huo ndio wakati wa kuendelea kukanyaga. Mara ya tatu nilikanyaga nikabaki nimekanyaga, na gari lilisimama kana kwamba limeshikwa kwa kamba.

Elewa hesabu yake. Nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, kazi ya breki huwa mara nne. Gari zuri kwenye lami kavu na tairi nzuri husimama kutoka kilomita 100 kwa saa kwa karibu mita 40. Kutoka 200 litahitaji karibu mita 160, ambao ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Tena, kwa kasi hiyo unapita karibu mita 56 kila sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa nusu sekunde kunakugharimu magari sita yaliyopangwa mstari mmoja.

Baada ya hapo utafundishwa namna ya kuachia. Kanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha achia taratibu kadiri unavyozungusha usukani. Tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika lami, na uwezo huo hugawanywa kati ya kupunguza kasi na kupinda. Ukiutumia wote kwa breki, hakuna kinachobaki kwa usukani, nalo gari litakwenda moja kwa moja hata ukizungusha hadi mwisho.

Hatua ya 7: Kona na lami yenye maji

Katika kila kona wataweka koni tatu: ya kwanza unapoanza kupinda, ya pili ambapo gari linagusa ukingo wa ndani, ya tatu unapotokea. Ukiwa kwenye ya kwanza, tazama ya pili. Kabla hujaifikia, tazama ya tatu. Usikanyage mafuta hadi uweze kuanza kuunyoosha usukani.

Kwenye lami iliyomwagiwa maji utahisi gari likiserereka. Mbele ikiserereka, gari halitaki kupinda: punguza mafuta na upunguze kukunja usukani, ingawa moyo utakuambia ukunje zaidi. Nyuma ikiserereka, elekeza usukani kule unakotaka kwenda na uendelee kutazama huko. Huku ndiko niliko na shauku kuliko kwote, kwa sababu mvua za kwanza za Desemba hapa Dodoma hukuta vumbi la miezi saba kwenye lami, na utelezi wake haupishani sana na ule wa Kyalami.

Hatua ya 8: Mzunguko mzima

Baada ya chakula cha mchana mtaunganisha yote. Usishangae injini isiyo na taabo (turbo), yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, ikionekana nzito kidogo: Kyalami iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15, wakati Dodoma yetu iko kwenye mita 1,100 hivi. Mteremko unaoitwa Mineshaft, baada ya kona ya Leeukop, ndio utakaokupima. Barabara hushuka ghafla, gari huwa jepesi, na macho hutaka kutazama chini. Yapeleke mbali. Mizunguko miwili ya kwanza mwache mwalimu akutangulie bila kumkimbilia; fuata njia yake, si taa zake.

Zungusha mzunguko wa mwisho taratibu bila breki nyingi, ili breki na tairi zipoe. Ukisimama, usivute breki ya mkono, kwa maana pedi zenye moto zinaweza kuushika diski. Kunywa maji kila mkishuka, hata usiposikia kiu. Na ukianza kukosea kona uliyoipata vizuri asubuhi, mwambie mwalimu kwamba umechoka, ukae pembeni. Mara ya pili nilifanya hivyo kabla ya zamu ya mwisho, naye alinishukuru.

Hatua ya 9: Jioni hiyohiyo

Kabla hujaoga, chukua daftari. Andika kila kona kwa jina lake, gia uliyotumia, alama uliyoanzia kukanyaga breki, na neno alilokuambia mwalimu hapo. Katika daftari langu, mbele ya Leeukop, nimeandika kwa herufi kubwa: achia taratibu. Karatasi hiyo nimeitoa nakala, na sasa iko ukutani darasani kwangu, ambako madereva wanaokwenda Iringa kesho yake huisoma kabla ya kukabidhiwa funguo.